Kamba ya Mzee Kiboko

Kamba ilikuwa na mafundo matatu. Aliyefika fundo la juu alipangwa beki. Aliyefika la kati alipangwa kiungo. Aliyeishia la chini alipelekwa pembeni kuwa winga. Na yule ambaye kamba yote haikutosha kumzunguka tumbo hakuulizwa neno: alivalishwa pedi akaambiwa aende golini. Hivyo ndivyo wanyama wa Bondeni walivyopanga timu yao ya mpira wa magongo tangu Mzee Kiboko ashike uenyekiti wa kamati, na kwa kuwa aliushika zamani sana, vijana walidhani kamba imo katika sheria za mchezo.

Haimo. Mchezo wenyewe uliletwa Bondeni na Kunguru, katibu wa kamati, aliyekulia juu ya miti ya City Park, Nairobi, penye uwanja wa magongo. Kunguru alipenda kusimulia habari alizorithi kwa wakubwa wake: jinsi Kenya ilivyomaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971, na jinsi beki Avtar Singh Sohal alivyocheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Sheria alizijua zote: wachezaji kumi na mmoja kila upande, uwanja wa mita 91.4 kwa 55, mpira mgumu wa gramu 156 hadi 163, gongo linalotumika upande wake bapa tu. Lakini hakuwahi kutamka kwamba huko Nairobi hakumwona mtu akipimwa kwa kamba. Mwenyekiti alikuwa mkubwa, na kiota cha Kunguru kilikuwa kwenye mti ulioinamia bwawa la Mwenyekiti.

Siku ya kupimwa wanyama walipanga mstari toka alfajiri. Twiga alipita fundo la juu akiwa bado hajanyoosha shingo; beki. Nyati, beki. Pundamilia, kiungo. Swala, winga. Ngiri aliangukia kati ya fundo la kati na la chini, mahali pasipo na fundo, na kwa kuwa pale hapakuwa na jina la nafasi, Kunguru alimwandika mchezaji wa akiba. Nyegere na Nguchiro hawakufika hata fundo la chini. Majina yao yaliwekwa pembezoni mwa karatasi, kwenye orodha ya wabeba maji.

Tembo alipofika, kamba haikufungika. Mzee Kiboko alicheka kwa furaha, akampiga begani na kusema, "Mwanangu, wewe umezaliwa golikipa."

Tembo alikuwa na jambo la kusema. Alipokuwa mdogo alikuwa akisukuma mbegu ya mkwaju kwa ncha ya mkonga, ikapita katikati ya miiba bila kuguswa na mwiba hata mmoja, ikasimama pale alipotaka isimame. Mama yake aliliona hilo. Kamati haikuliona, kwa sababu siku ya kupimwa hakuna aliyeambiwa asukume kitu. Tembo aliangalia mstari mrefu uliokuwa nyuma yake, akaona aibu kuwachelewesha wenzake, akajibu, "Sawa, mzee," akaenda kutafutiwa pedi.

Mechi ilikuwa dhidi ya Ng'ambo, kijiji cha upande wa pili wa mto. Lango la magongo lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14, na Tembo aliposimama katikati, waliokuwa mbali hawakuona lango, walimwona Tembo tu. Watu wa Bondeni walianza kuimba kabla mpira haujaanza. Mzee Kiboko aliketi majini hadi puani, ametulia, akiwa na hakika kwamba kazi yake ameimaliza siku ya kamba.

Dakika za mwanzo Ng'ambo walipata kona ya penalti. Katika kona hiyo walinzi wasiozidi watano, golikipa akiwemo, husimama nyuma ya mstari wa goli. Wenzao wote hurudishwa hadi mstari wa kati. Mshambuliaji mmoja husukuma mpira kutoka mstari wa mwisho, angalau mita kumi toka mlingoti, nao lazima utoke nje ya duara kabla ya mtu kupiga kuelekea golini. Na shuti la kwanza likiwa la kupigwa kwa nguvu, si la kuburutwa na kurushwa, halihesabiwi kuwa goli kama limevuka mstari juu ya sentimita 46. Sheria hii iliwekwa kuwalinda wanaosimama mbele ya mpira huo mgumu. Maana yake ni kwamba mpigaji stadi huupeleka mpira chini, ukitambaa.

Sasa mtazame Tembo. Chini ya sentimita 46 Tembo ana nini? Ana miguu minne, na kati ya mguu na mguu pana nafasi ya kupita mbuzi. Mwili wote ule uliozishinda kamba na macho ulikuwa umelinda mahali ambapo mpira haukuwa na ruhusa ya kupita. Shuti la Ng'ambo lilipita chini ya tumbo lake kabla hajainua unyayo. La pili lilipita palepale. La tatu aliliona, akataka kulifunga kwa goti, na kabla goti halijafika ardhini mpira ulikuwa wavuni. Kila mara Bondeni waliguna, na kila mara Tembo aligeuka kuutazama wavu kwa macho ya mtoto aliyetumwa dukani bila kuambiwa akanunue nini.

Kwa mabeki hali haikuwa bora. Gongo haliruhusiwi kuzidi sentimita 105, na mpira wa magongo unaishi ardhini. Anayetaka kumnyang'anya mwenzake lazima ashuke, gongo lilale karibu na nyasi. Twiga hashuki upesi. Ili anywe maji tu hulazimika kuitanua miguu ya mbele polepole, na wakati anaitanua, digidigi wa Ng'ambo alikuwa amekwisha kumzunguka, amepiga chenga nyingine, na anaomba pasi upande wa pili.

Nyati naye aliona mambo yanaharibika, akafanya alichokuwa amekifanya maisha yake yote, yaani kusukuma. Refa Mbuni akapuliza filimbi, akamwonyesha kadi ya kijani, dakika mbili nje. Nyati hakuelewa. Aliporudi alimsukuma mwingine, akaonyeshwa ya njano, akaambiwa dakika tano. "Nimewekwa hapa kwa sababu ya uzito wangu," alilalamika akitoka. "Mnaniadhibu kwa kuutumia?"

Hapa sina budi kumtetea Nyati, kwa sababu alidanganywa na wakubwa. Katika magongo ya uwanjani mwili si silaha. Huwezi kumsukuma mpinzani, huwezi kuuficha mpira nyuma ya kiwiliwili chako, huwezi kuugusa kwa mguu isipokuwa wewe ni golikipa. Upo mchezo wa jina linalofanana, ule wa kwenye barafu wanaoupenda Kanada, ambako beki anaruhusiwa kumgonga bega kwa bega mwenye kumiliki kisahani kinachochezwa badala ya mpira. Huko uzito una soko lake, na Zdeno Chara wa Slovakia, mwenye urefu wa mita 2.06, alikuwa beki wa kuogopwa kwa miaka mingi. Hata hivyo barafuni kwenyewe kamba ingetupotosha. Roy Worters, aliyekuwa na kimo kama cha mita 1.60 na kuhesabiwa mfupi kuliko wote waliowahi kucheza ligi kuu ya huko, alikuwa golikipa, na msimu wa 1928 hadi 1929 alitunukiwa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, golikipa wa kwanza kuipata. Kwa mafundo ya Bondeni, Worters angebeba maji.

Bondeni walifungwa sita bila.

Kamati ilikutana usiku uleule. Taarifa ya Mwenyekiti ilikuwa fupi: timu imefungwa kwa sababu wachezaji hawakuwa wakubwa vya kutosha, hivyo mwaka ujao kamba ipandishwe mafundo. Kunguru aliandika. Wajumbe waliitikia. Kocha, Punda, aliomba kupumzika, na ombi lake likakubaliwa kwa haraka iliyomuumiza.

Ndipo wakamwita Bi Fisi. Hakuwa chaguo la wengi, maana Fisi anasemwa vibaya katika kila hadithi, lakini kila mtu alijua jambo moja juu yake: akitazama kundi kwa muda, anajua nani anachechemea, nani ana pumzi, nani atageukia kushoto akishtuliwa. Maisha yake yote yalitegemea macho hayo. Alikuja, akaamkia wazee, akakataa kiti.

"Mzee wangu," alimwambia Kiboko, "kazi nimeikubali. Naomba kamba ikae kwako mpaka nitakapoiomba."

"Utawapangaje bila kuwapima?"

"Nitawapima. Ila sitapima walivyo wakiwa wamesimama."

Kesho yake aliwaita wote, pamoja na walioandikwa pembezoni mwa karatasi, akamwambia kila mmoja acheze kila nafasi kwa zamu, golini pia. Jambo hilo liliwachukiza wakubwa waliozoea nafasi zao, na likawatisha wadogo ambao hawakuwahi kuwa nazo. Bi Fisi hakusema sana. Alikaa kivulini, akarusha mpira, akatazama, akarusha tena.

Siku ya kwanza aliona magoti ya Ngiri. Ngiri akila majani hupiga magoti ya mbele na kutembea hivyohivyo, uso chini, bila kuchoka. Nani Bondeni hakuwahi kumwona akila hivyo? Lakini hakuna aliyewahi kuliona kuwa ni jambo la uwanjani. Bi Fisi alimwambia Swala amkimbilie Ngiri na mpira. Swala alikwenda kwa kasi, Ngiri akapiga magoti, gongo likalala nyasini toka mkono mpaka ncha, na Swala akajikuta anakimbia peke yake, mpira umebaki nyuma. Akarudia. Ukabaki tena. Swala akauliza kama nyasi zina utelezi.

Nyegere alionekana siku iliyofuata. Kwenye kona ya penalti mlinzi mmoja ana kazi ambayo wengi huikwepa: mpira ukisukumwa tu, anatoka mstarini kama mshale kumkabili mpigaji, akijua kwamba huenda mpira huo mgumu ukampata. Wanamwita mkimbiaji wa kwanza. Kazi hii inataka hatua chache za kasi kubwa, gongo chini, na moyo usiohesabu hasara. Nyegere, ambaye huingia kwenye mzinga wa nyuki akitafuta asali na kutoka na uso uliovimba, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliuliza swali moja tu: "Nikimfikia, nimfanye nini?" Bi Fisi akamwambia asimfanye kitu, autoe mpira. Nyegere alionekana kusikitika kidogo, lakini aliitika.

Na Tembo? Tembo alisimama kando siku zote hizo, pedi zimemning'inia. Alipofikiwa na zamu ya kusukuma mpira wa kona, aliziomba radhi pedi kwa kuzivua, akashika gongo kwa mkonga, akausukuma. Mpira ulitoka mstari wa mwisho, ukapita nyasi zote bila kuruka hata mara moja, ukafika juu ya duara kwenye gongo la Pundamilia, palepale, na kwa mwendo uleule aliouhitaji mwenye kupiga. Bi Fisi akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia asukume akiwa amefumba macho. Mama yake Tembo, aliyekuwa amesimama mbali chini ya mgunga, alianza kulia.

Mkonga huo unang'oa mti na unaokota punje. Bondeni walikuwa wameuheshimu kwa kazi ya kwanza tu, na kwa kuuheshimu hivyo walimnyima mwenyewe kazi ya pili miaka na miaka. Naandika haya nikiwa na uchungu, kwa sababu akina Tembo ni wengi na hawaishi mbugani. Wako katika viwanja vya shule. Ni yule mtoto mnene ambaye wenzake wakichagua timu hawamwiti jina, wanamwonyesha goli kwa kidole. Ni yule msichana mrefu wa darasa la sita anayeambiwa asimame nyuma asiguse mpira, aondoe tu. Hakuna anayemtazama akisukuma mbegu ya mkwaju.

Orodha mpya ilipobandikwa, Mzee Kiboko alitoka majini mwili mzima, jambo ambalo hakulifanya mchana isipokuwa kwa hasira.

"Nguchiro golini?" alisema. "Bi Fisi, lango litaonekana halina mtu!"

"Litaonekana hivyo kwa aliye mbali, mzee. Jani likiwa mbali ni jani. Likikaribia jicho linaficha mlima. Nguchiro hatakaa mstarini. Mpigaji akikaribia, yeye naye anamwendea, na kila hatua anayopiga inamfungia mwenzake njia. Anayekabiliana na nyoka na kumkwepa kichwa hashindwi kuusoma mguu wa mpigaji."

"Hayo ni maneno."

Juu ya mti, karibu na kiota cha Kunguru, alikuwa ametua Mbayuwayu, ndiyo kwanza amefika na mvua za vuli kutoka Ulaya. Aliomba ruhusa ya kuzungumza, na kwa kuwa mgeni hakatazwi neno, akapewa.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kule nitokako yupo mwanamke wa Uingereza, Maddie Hinch. Kimo chake ni mita 1.68 hivi, hampiti sana mwanamke wa kawaida. Mwaka 2016, Rio de Janeiro, fainali ya Olimpiki, Uingereza na Uholanzi walikwenda sare tatu kwa tatu. Wakaingia kwenye kuamua mshindi: mshambuliaji anaanzia mstari wa mita 23 na mpira, ana sekunde nane, mbele yake ni golikipa peke yake. Waholanzi wanne walimwendea Maddie Hinch, mmoja baada ya mwingine. Hakufungwa na hata mmoja. Dhahabu ikaenda Uingereza."

"Alikuwa na bahati," alisema Kiboko.

"Alikuwa na kijitabu, mzee. Ameandika humo tabia za wapigaji, nani anapenda kuzunguka kulia, nani anarudi nyuma kwanza. Na alikuwa na miguu."

Mzee Kiboko akanyamaza, akamtazama Kunguru. Kunguru akatazama karatasi. Kisha, kwa sauti ambayo nusu ya mkutano haikuisikia, Kunguru akasema, "Hata City Park sikuwahi kuona kamba." Akakunja mbawa kama anayengoja kitu kimwangukie. Hakikuanguka. Mwenyekiti alirudi majini bila kujibu, na orodha ikabaki.

Twiga ndiye aliyenisumbua zaidi nilipoitunga habari hii, kwa sababu kwake jibu halikuwa jepesi. Si kila mwili unafichua kipaji kilichosahaulika; mwingine una kikwazo cha kweli. Twiga alijaribiwa winga, akapitwa. Akajaribiwa kiungo, akajikanyaga. Alimwendea Bi Fisi jioni akamwambia, "Bibi, kama sina nafasi niambie, nisiwe napewa pole." Bi Fisi alifikiri sana. Alikuwa ameona kwamba Twiga huchelewa kumnyang'anya mtu mpira, lakini pasi ya mpinzani huiona ikiwa bado mawazoni mwa mpigaji, kwa vile anautazama uwanja kutoka juu na hakuna anayemziba. Basi alimrudisha beki, palepale kamba ilipomweka, ila kwa kazi nyingine: asikimbizane na mtu, awe amekwisha kutanua miguu na kulaza gongo kwenye njia ya pasi kabla pasi haijatolewa, na Ngiri acheze mbele yake kwa yote yanayohitaji magoti. Alimweleza wazi pia kwamba akipitwa hatawahi kugeuka, hivyo asijaribu. Aite jina la Ngiri. Twiga alishukuru. Nadhani alishukuru zaidi kwa hilo la mwisho.

Marudiano yalichezwa upande wa Ng'ambo. Waliposikia Bondeni wamemweka Nguchiro golini, walicheka mpaka Refa Mbuni akawaonya. Kona yao ya kwanza waliipiga chini, kama walivyozoea. Nyegere alitoka, mpira ukagonga gongo lake ukaenda nje. Ya pili ilimpita Nyegere, na Nguchiro alikwishatoka mstarini hatua nne. Mpira ukagonga kiatu chake cha kipa. Robo ya pili Tembo akasukuma, Pundamilia akatuliza, Swala akafunga. Robo ya tatu wakarudia kitu kilekile bila kubadilisha hata hatua, wakafunga tena. Mbili bila, na upande wa Bondeni ngoma zilianza kutafutwa.

Lakini Ng'ambo nao wana macho. Nyani wao alikuwa amekaa akiba, akitazama. Aliingia robo ya nne, na kwenye kona iliyofuata hakupiga. Aliuburuta mpira kwa gongo, hatua ndefu, mgongo umeinama, akaurusha. Shuti la kurushwa hivyo halifungwi na zile sentimita 46. Linaruhusiwa kupanda mpaka chini ya mwamba. Ulipanda. Nguchiro aliruka kwa nguvu zake zote, akanyoosha mkono, na mpira ukampita juu kwa urefu wa Nguchiro mwingine. Dakika chache baadaye Nyani akarudia, pembe ileile ya juu kushoto. Kisha mara ya tatu. Bondeni walifungwa tatu kwa mbili.

Mzee Kiboko alikuja kwenye kikao na kamba mabegani.

"Nilisema," alisema. "Mwili ni mwili. Mngesimamisha mkubwa golini, yale matatu yasingeingia."

Wengi walimgeukia Bi Fisi wakitarajia ubishi. Bi Fisi alikubali. Alisema Mwenyekiti amesema kweli kuhusu pembe mbili za juu za lango, na kwamba huko Nguchiro hatafika kwa mazoezi wala kwa maombi. Mwenye mikono mirefu angezifikia. Mwenye mikono mirefu na miguu myepesi angekuwa bora kuliko wote, na akizaliwa Bondeni yeye atakuwa wa kwanza kumvalisha pedi. Kwa sasa hayupo. "Tuliye naye," alisema, "ni Nguchiro anayezuia ya chini na ya kati, na ya chini ndiyo mengi. Tuliye naye pia ni Twiga."

Twiga aliinua kichwa.

"Kwenye kona, Twiga, hutakaa ulikokaa. Utasimama mstarini, kando ya mlingoti wa kushoto, gongo mdomoni, juu. Mlinzi anaruhusiwa kulizuia shuti la golini kwa gongo lililo juu ya bega. Usiuguse mpira kwa shingo, hilo ni penalti. Kwa gongo tu. Nyani akirusha kushoto, atakukuta. Nguchiro atabaki na kulia, ambako ataanza kuegemea mapema kwa sababu kushoto kuna mtu."

Kikao kizima kilitulia. Hata Mzee Kiboko alikuwa akiitazama shingo ya Twiga kwa namna mpya, kuanzia chini kwenda juu, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Kamba iliteleza begani mwake ikaanguka, na watoto waliokuwa wakicheza nyuma yake wakaichukua, wakaenda kufungia nayo wavu uliokatika.

Watoto hao ndio waliozua hoja ya mwisho, na kwangu mimi ndiyo nzito kuliko mechi zote mbili. Wawili kati yao walikuwa pofu, ndama waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja wa masika na mmoja wa vuli. Yule wa masika alimtangulia mwenzake kwa miezi, na miezi hiyo ilikuwa imemjaza kifua na mabega. Mtu asiyewajua angedhani ni ndugu wa miaka miwili tofauti. Punda alipokuwa kocha, wa masika alichezeshwa kila siku. Alipewa mpira, akaelekezwa, akasahihishwa, na kwa kuwa alisahihishwa alizidi kuwa mzuri. Wa vuli alikaa benchi akabaki nyuma, si kwa miezi tu tena bali kwa mafunzo yote aliyokosa katika miezi hiyo. Ubaya wa kipimo cha mwili kwa mtoto ni kwamba kinajithibitisha chenyewe: unamnyima mdogo mpira, mwaka ukipita unaona kweli hajui mpira. Na mkubwa naye anadhulumiwa, kwani huzoea kushinda kwa mabega, na siku wenzake wote watakapokuwa na mabega, mikononi hatakuwa na kitu.

Bi Fisi alitaka kamati ipitishe kwamba watoto wote wacheze nafasi zote kwa zamu mpaka wakue, golini pia, wakubwa kwa wadogo, na asiwepo mtoto anayeitwa beki wala winga. Mzee Kiboko aliuliza watamjuaje golikipa wao wa kesho. Alijibiwa kwamba watamjua kesho. Kunguru akaandika bila kusubiri kuambiwa, na mikono ikainuliwa, wa Mwenyekiti ukiwa wa mwisho lakini uliinuka.

Mama wa ndama wa vuli alikuwa bado amesimama. "Bi Fisi," alisema, "huyu wangu mnamwona mdogo hivi leo. Lakini baba yake alikuwa pofu mkubwa kuliko wote bonde hili. Akija kukua ghafla, mkamkuta amefundishwa kucheza kama mdogo, mtamfanya nini?"

"Atakuwa mkubwa anayejua kucheza chini, dada. Mlete kesho mapema, aanzie golini. Na mwakani tutamtazama upya."